Kelele Namba Nne

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimeanza rasmi. Chumba alichokuwa analala binti yangu kabla hajaolewa sasa ni changu kabisa. Nimetoa kitanda, nimefagia, nimesimama katikati na tepu ya kupimia nikicheka peke yangu kama mwehu. Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya kioo cha studio ya redio nikisafisha sauti za watu — huyu anakohoa, yule anavuta kamasi hewani — sasa nimestaafu. Masikio haya nayo yale matunda yake!

Mita nne na nusu kwa tatu na robo. Si kikubwa, lakini kwa spika zile mbili na skrini ya ukutani kinatosha, kikijengwa sawasawa. Nimechora chumba ndani ya chumba: ukuta mpya mbele ya ule wa zamani, katikati pamba nzito ya kuzuia sauti, halafu mlango mnene wa kujifunga wenyewe. Na kiti kimoja. Kimoja tu! Kuna mahali pamoja tu ambapo spika mbili zinakutana na mwimbaji anasimama mbele yako. Mkikaa wawili, wote mmekosa.

Binti kacheka kwenye simu mpaka kapaliwa. Kasema hicho si chumba, ni pango la mchawi. Kauliza Bibi anasemaje. Bibi yake ndiye mama mkwe wangu. Miaka themanini na mbili, chumba cha pili, ukuta mmoja na hiki. Tangu mume wangu afariki tumebaki sisi wawili humu ndani, na kasema lile lile analosema tangu naolewa: "Makelele yako hayo."

Haya, Mama. Nakujengea ukimya wako.

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kupima. Huwezi kuzuia kelele usiyoijua. Nimesimamisha maikrofoni katikati ya chumba, nimewasha kinasa sauti, nimeweka santuri ya bendi ya dansi, ile yenye tarumbeta mbili, nione ni nini kinatetemeka. Halafu nikatoka nikakaa barazani kwa saa nzima, isije ikanaswa hata pumzi yangu.

Jioni nikafungua kompyuta, nikasoma mchoro wa sauti iliyonaswa. Namba moja, friji. Namba mbili, kioo cha dirisha, kinalia tarumbeta zikipanda. Namba tatu, pikipiki za barabarani. Namba nne, ukuta wa upande wa Mama — vishindo vifupi vifupi, vimepangana kama meno ya chanuo. Bomba la maji, bila shaka. Huyo ndiye adui yangu mkubwa.

Sikuhangaika kuisikiliza. Mchoro wa sauti naujua kama mwingine anavyojua gazeti lake.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja fundi seremala. Nimeshampa jina: Takriban. Kila anachopima, takriban! "Mita mbili na kumi, takriban." Nikamwambia fundi, humu hamna takriban. Ufa wa kupitisha karatasi unapitisha bendi nzima. Kanitazama kwa huruma.

"Bosi, kwani unataka kumficha nani humu?"

Na kiti kimoja nacho hakikumwingia akilini. Mgeni akija je? Nikamwambia mgeni atasubiri zamu yake.

Alipopiga msumari wa kwanza Mama akapaza sauti kutoka chumbani kwake. Tangu avunjike nyonga, mwaka wa pili huu, safari yake ni choo na kurudi, lakini sauti haijavunjika.

"Mwambie huyo fundi apige kwa adabu!"

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Piga kwa adabu."

Jumatano, 20 Machi

Ukuta wa upande wa Mama umefungwa leo. Pamba inawasha mwili mzima, najikuna mpaka mezani. Takriban ni fundi kwelikweli — nimemfuma akipima mara mbili huku akijifanya haoni ninavyomtazama. Maungio yake hata wembe haupenyi.

Nikafuta namba nne kwenye orodha yangu. Kwaheri, bomba.

Jumapili, 31 Machi

Kimekwisha!! Nimeingia saa kumi, nimeachia mlango. Puf. Na dunia ikazimika. Nikasikia mapigo ya moyo wangu, nikasikia kope. Nikaketi kwenye kiti changu kimoja, nikashusha sindano.

Santuri hii ninayo tangu mume wangu yuko hai. Kumbe sikuwahi kuisikia! Mpiga tarumbeta wa kushoto anavuta pumzi kabla ya kuingia. Mpiga gitaa anasogeza mguu. Nimelia, tena bila aibu, nani ananiona?

Wakati wa kula nikamuuliza Mama kama kasikia chochote leo.

"Sikusikia kitu."

"Hata kidogo?"

"Si nimekwambia sikusikia."

Nikajipongeza moyoni. Yeye kaacha nusu ya chakula.

Ijumaa, 5 Aprili

Mama hayuko sawa. Siku ya tano hii anaonja tu na kusukuma sahani. Nimempima joto, hana. Maumivu? Hana. Kinachonitisha ni kwamba halalamiki. Chumvi ilizidi jana, hata mimi nimeiona, na hakusema neno! Mama huyu aliyenirudishia chai mara tatu asubuhi ya kwanza ya ndoa yangu.

Leo nimempelekea chai, kakaa kitandani na mkongojo wake mapajani, mgongo umeegemea ukuta. Kauliza bila kunitazama:

"Siku hizi hupigi?"

"Nini, Mama?"

"Hayo makelele yako."

"Napiga kila siku, Mama. Hata sasa hivi nimetoka huko."

"Ah."

Basi. Akanirudishia kikombe kimejaa. Nikatoka nikiwaza kwamba chumba kimefaulu mtihani. Ndivyo nilivyowaza, naandika ili nijue nilivyo mjinga.

Jumatatu, 8 Aprili

Kaja fundi bomba kwa ajili ya mfereji wa jikoni unaovuja. Nikamwonyesha chumba, maana siku hizi namwonyesha kila anayekanyaga hapa. Nikajisifu jinsi nilivyolinyamazisha bomba la ukuta ule.

"Bomba gani?" kasema. Akaniambia maji yote ya nyumba hii yanapita upande wa jikoni, yeye mwenyewe ndiye aliyeyapitisha. "Ukuta huo hauna bomba hata la dawa."

Nilimwacha jikoni na mfereji wake. Nikaenda kwenye kompyuta, nikatafuta rekodi ile ya tarehe nne Machi, nikavaa vipokea sauti. Safari hii nikafumba macho.

Tarumbeta zinaingia. Na nyuma yake, mbali, ukutani: ko, ko-ko. Ko, ko-ko. Mkongojo. Haukosei pigo hata moja! Gitaa likibaki peke yake, nao unapungua, unagonga kidogokidogo kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Tarumbeta zikirudi, unarudi nazo. Anajua zinarudi lini. Anajua hata ile ngoma ya mwisho inayochelewa, anagonga nayo pamoja.

Upande wa kwanza ukaisha. Kimya. Kimya kirefu, dakika nzima.

Halafu: ko, ko.

Peke yake. Anangoja nigeuze upande wa pili. Na mimi niko barazani nabana pumzi.

Ee Mungu wangu. Nimempa namba! Friji, kioo, pikipiki, Mama. Nimempa fundi orodha, nimemlipa, nimemwambia mzibe. Tangu binti aolewe napiga santuri chumba kile, sauti juu, na yeye kitandani kwake ameegemea ukuta, anacheza na mimi. Ndicho kitu pekee tulichokuwa tunafanya pamoja humu ndani, na mimi sikujua kwamba tunakifanya.

Nimelia tena leo. Si kama kile kilio cha juzi.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwambia Mama twende akasikilize, kiti changu nampa yeye.

"Niingie kwenye jeneza la pamba? Bado sijaitwa."

Nimemwambia kina skrini, atatazama hata sinema. Kasema sinema yake ni dirisha. Ningemwambia kwamba najua, ningemwambia nimesikia mkongojo. Lakini namfahamu. Atakana mbele ya Mungu na malaika, na hatagonga tena mpaka anaingia kaburini. Miaka thelathini ameyaita makelele, leo akiri kwangu?

Nimejaribu kuacha mlango wazi, nimeuegesha na tofali. Nikaenda kusimama chumbani kwake, nikijifanya nakunja nguo. Sauti inafika imefifia, kama watu wanaogombana ndani ya blanketi. Mama kageukia dirishani. Chakula kaonja vijiko viwili.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika haraka, mwandiko huu nitausoma kwa shida.

Jioni nilisahau kuuegesha mlango. Nikapiga upande wa kwanza wote, nikatafuta taulo la kufutia santuri, nikafungua mlango. Mama yuko chini. Ameketi sakafuni ukumbini, mgongo kwenye fremu ya mlango, mkongojo umelala miguuni.

"Mama! Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Tangu saa ngapi?"

"Nilikuwa napita."

Unapita kwenda wapi, Mama? Ukumbi unaishia hapa! Sikumwambia. Nikamnyanyua, mwepesi, mwepesi kuliko nilivyodhani mtu mzima anaweza kuwa. Nikamuuliza nyonga. Kasema nyonga ipo. Hatua kumi na moja kutoka kitandani kwake, nimezihesabu baadaye. Mwaka wa pili hajatembea hatua kumi na moja kwa ajili ya mtu.

Nilipomlaza nikarudi kuutazama mlango. Usawa wa goti kuna michubuko mitatu mipya kwenye rangi. Alibisha. Alibisha mlangoni kwangu, na mimi ndani nasikiliza pumzi za mpiga tarumbeta.

Nimempigia simu Takriban. Njoo Jumamosi, na mtaimbo.

Jumamosi, 13 Aprili

Takriban kazunguka chumba na kiganja ukutani. "Bosi, hii ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya." Ni kweli, wala hajisifu. Nikamweleza yote, ndiye mtu wa kwanza kumweleza. Kasikiliza, kafuta uso kwa kofia, kauliza tu tuanzie wapi.

Sijui! Ndilo tatizo. Sitaki kubomoa ukuta mzima. Nataka pale anapoegemea yeye, basi. Na nikienda kupima kitanda chake atajua mara moja. Tukaanza katikati. Kang'oa ubao mmoja, katoa pamba, tukakuta ukuta wa zamani na ile rangi ya waridi aliyoichagua binti yangu akiwa darasa la pili.

Kutoka upande wa pili, kwa mara ya kwanza wiki hizi tatu, nikasikia sauti yake kupitia ukutani:

"Makelele gani tena hayo? Si mlimaliza?"

Takriban kanitazama. Nikaweka mdomo karibu na ukuta.

"Tunatafuta bomba, Mama!"

"Bomba gani?"

"Lile linalogonga! Limekuwa kimya, tunaogopa limeharibika!"

Kimya. Takriban kashika penseli, anangoja. Nikadhani nimekosea, nimeshamfukuza. Nikaegemeza sikio kwenye rangi ya waridi, naona aibu, natamani kuomba msamaha na siwezi, maana nikiomba itabidi yeye akiri.

Ko.

Moja tu. Kushoto, chini kidogo, karibu na dirisha.

"Wapi?" Takriban kanong'ona.

Nikamwonyesha kwa kidole. Hapo, takriban. Kaniangalia, katabasamu, kachora msalaba.

Nimemwambia asubiri kwanza. Nimekwenda kwenye meza ya santuri, upande wa kwanza ulikuwa juu tangu juzi, nikaushika ukingoni kwa vidole viwili. Naugeuza, na sindano bado iko hewani, sijaishusha —

Ko, ko.

Daftari liko juu ya kiti, naandika nimesimama. Takriban na msumeno mkononi anauliza akate au asikate, na mimi hata kumjibu siwezi, maana Mama anagonga tena