Kengele ya Kichwani

Jumatatu, 2 Juni
Nimenyoa ndevu. Chai bila sukari, imeisha. Nimemwambia kinyozi wa hapa Rwezamenyo, Kigali: Jumamosi msemaji wa familia kwenye posa ya Aline, mtoto wa dada yangu, ni mimi. Nani mwingine? Mabinti wa mtaa huu wote wameolewa kwa mdomo wangu.

Mchana dada Beata kapiga simu. Msemaji ni Gaspard.

Gaspard! Binamu aliyekulia Uganda, anayesoma salamu kwenye karatasi. Kwa wivu nimekata simu bila kuaga.

Jumanne, 3 Juni
Eti sababu ni posa ya dada yake Aline, ile niliyosema mimi. Desturi yetu msemaji awatanie wageni kwanza, aseme binti ameshachumbiwa kwingine, watu wacheke. Mimi nikamtaja huyo mchumba kwa jina, na ng'ombe zake, na kovu lake la shavuni. Mama wa bwana harusi akaamini, akainuka, akaondoka analia. Sasa mimi nina kosa gani nikisema vizuri?

Alhamisi, 5 Juni
Aline kaja. Chuoni anasomea ubongo. Anasema kichwani kuna sehemu kama kengele: ukidanganya mara ya kwanza inalia, unatetemeka. Ukizoea inafifia.

"Yako, mjomba, iko kimya siku nyingi."

Nikamwambia daktari wa Kiyovu aliipima, hajaona kubwa kama hiyo Kigali nzima.

Sijapimwa na mtu. Hapa naweza kuandika, hakuna anayesoma.

Gaspard kashonesha nguo mpya. Namchukia.

Jumamosi, 7 Juni
Niliomba Mungu Gaspard asahau maneno. Hakusahau. Wageni wakauliza binti kalelewaje. Akaninyooshea mkono mimi.

"Mjomba wake huyu! Mtoto ana homa, mvua inanyesha, akambeba mgongoni toka Gitega mpaka hospitali!"

Makofi. Vigelegele.

Ni hadithi yangu. Nimeisimulia miaka. Siku ile nilikuwa baa. Aliyembeba ni Beata, na Beata alikaa nyuma yangu pale pale.

Moyo ukagonga. Mikono ikatetemeka, soda ikamwagikia suruali. Gaspard hakudanganya, masikini. Aliniamini.

Jumapili, 8 Juni
Nimekwenda kwa Beata. Nikamwambia, ulimbeba wewe.

"Najua, kaka. Nilikuwepo."

Akanipa kisu. Tukamenya ndizi. Sikusimulia kitu.