Kiti cha Nereida

Mtaa wa Rosario,
Camagüey, Kuba.
23 Novemba, 2023

Mpendwa Mama mdogo Nereida,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Hujambo huko Zaragoza? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo? Sisi tu wazima, ila Bibi Eloína, mama yako, miguu inamvimba, na hata kahawa anasema haina ladha tena.

Mama mdogo, nimeolewa! Bado nikiamka namtazama Osniel alivyolala, nacheka peke yangu. Umeme ukikatika hunipepea kwa gazeti mpaka nisinzie, naye mwenyewe jasho linamtiririka. Nani kama mimi? Lakini leo siandiki kwa furaha hiyo.

Jumamosi alasiri palikuwa na maonyesho ya filamu fupi za wanawake wa Kuba, katika sinema ile uliyokuwa ukienda na dada yako, marehemu mama. Moja ilikuwa ya Yamilka, binti wa jirani yetu Zoraida, aliyesomea kazi hiyo Havana. Mwezi wa Agosti alishinda kwetu na kamera, akimfuata Bibi jikoni na sebuleni. "Fanya kama sipo, Bibi," alimwambia. Hatukujua alichopiga.

Umeme haukuwepo tangu asubuhi. Uliporudi, mtaa mzima ulipiga kelele za shangwe, na Osniel akambeba Bibi mikononi mpaka sinema.

"Nishushe, mkeo atanionea wivu!" Bibi alisema, lakini shingo hakuiachia. Penye foleni akauliza kama kawaida, "Wa mwisho nani?"

"Wa mwisho mimi, mama, lakini wewe pita tu," mtu akamjibu.

Filamu za kwanza zilituchekesha. Kisha ikaja yetu. Bibi ameketi sebuleni, mbele yake kile kiti chako cha kubembea, ambacho hakijakaliwa tangu uondoke. Anakitazama kwa muda mrefu. Halafu ananyoosha mguu, anakisukuma. Kinabembea, kitupu.

Unatujua sisi. Nani hubembeza kiti kitupu? Utotoni tulichapwa makofi kwa hilo, kwa kuwa ni kukiita kifo nyumbani. Ukumbi mzima uliguna.

"Mama wee, kishike hicho!" mwanamke mmoja alipiga kelele nyuma yetu.

Na Bibi, yule aliyekaa kando yangu, akajibu kwa sauti, "Kiacheni. Kifo nakiita makusudi. Kwenye msiba wangu Nereida atapewa ruhusa ya kuja."

Hakuna aliyecheka. Yamilka alisimama ukutani, mkono mdomoni. Baadaye aliniambia alidhani Bibi anaichezea kamera tu, akakiacha kipande kile kwa sababu kilipendeza.

Tulipofika nyumbani, Osniel hata viatu hakuvua. Alikwenda moja kwa moja akaketi kwenye kiti chako. "Haya Bibi, sasa si kitupu."

"Toka wewe, utakivunja na makalio yako hayo." Lakini alitabasamu, Mama mdogo, niliona. Tangu siku ile tunapokezana kukikalia kila jioni. Nampenda mume wangu kwa hilo hadi machozi yananitoka.

Na hapo ndipo moyo unaponiuma. Viza zetu za Uruguay zimetoka, tunaondoka Januari. Nilivyoiota safari hiyo, mimi na Osniel, chumba chetu wenyewe! Bibi hatujamwambia. Kila nikifungua mdomo nakiona kile kiti.

Sikulaumu. Najua unashinda ukiogesha wazee wa watu, na makaratasi yako ya ukaazi yalichelewa miaka. Lakini sasa unayo. Usingoje ruhusa ya msiba. Njoo Desemba, hata kwa siku chache, akuone kwa macho yake.

Osniel anakuamkia, ingawa hamjaonana. Yamilka anaomba umsamehe. Zoraida anakusalimu sana. Mbusu binamu yangu Irisbel. Bikira Maria wa El Cobre akufunike kwa joho lake, akulete salama.

Barua hii nimeiandika nikiwa nimeketi kwenye kiti chako, na Bibi anasinzia mbele yangu. Nikiinuka kwenda posta, Osniel atakaa. Januari akae nani?

Mwanao akupendaye,
Maidelín