Ukurasa wa Gari Jekundu

Mpendwa Paker wangu,

Natumaini barua hii imekukuta umekwisha kunywa chai, maana ni ndefu kidogo. Nasieku, binti yangu, msomee baba yako kila neno. Usiruke mstari kwa kunihurumia.

Nimelala hapa Kitengela tangu mvua zilipokatika. Daktari ameacha kuniandikia siku ya kurudi, nami nimemwelewa.

Nilipofika huku, mwalimu mgeni kutoka magharibi mwa nchi, sikuwa hata na kuku. Ukanipa kondoo jike. Ukanieleza kwamba kwenu watu waliopeana kondoo huacha majina yao wakaitana Paker, na Paker hamdanganyi Paker. Tangu hapo barua zako zote nilikusomea mimi: za chifu, za shule, za shamba. Hukuwahi kumpa mtu mwingine azirudie.

Ndiyo maana ulipouza kile kipande cha ardhi ukataka gari, ulinichukua twende wote. Tulilikuta kwa mjane mmoja, kule Laiser Hill: jekundu, dogo, la milango miwili na paa la turubai, la zamani lakini linang'aa, mwendo wake wa mbio tu. Nililitamani gari la namna ile tangu nikiwa chuo cha ualimu, nikiendesha baiskeli isiyo na breki. Wewe hukung'aa macho kama mimi. Ulichuchumaa mlangoni, ukazitazama pedali. Mpira wake wa kukanyagia ulikuwa umelika hadi chuma.

"Huyu ametembea," ulisema. "Kwato zimeisha."

"Mita inasema maili elfu thelathini na moja tu," nikakujibu. "Bado changa."

"Mita haina kwato. Kitabu kinasema nini, Paker?"

Mjane alikuwa ametupa kitabu cha matengenezo kwa mkono wake mwenyewe, hakuficha kitu. Nilikifungua. Miaka mingi nyuma, fundi alikuwa ameandika maili elfu tisini na nne. Mita ile ilikuwa na tarakimu tano. Ilipofika mwisho ilirudi sufuri ikaanza upya. Nililielewa jambo hilo palepale nikiwa nimesimama. Nilijua pia kwamba nikikwambia, utainuka, utapangusa magoti, na sitaketi ndani ya gari kama lile maisha yangu yote.

"Kinasema vilevile," nikasema.

"Basi ni macho yangu. Wewe ndiye umesoma."

Jioni hiyo, kabla fundi wako hajakiona kitabu, niliuchana ukurasa ule kitabuni nikauficha.

Nisikudanganye tena: nilifurahi sana. Jumapili baada ya kanisa tulishuka Isinya hadi Kajiado, shuka yako ikipepea nyuma yetu, punda milia wakikimbia kando. Wale vijana wa sokoni wakatuuliza, "Wazee, hii mmepanda ama mmevaa?" Ulicheka hadi ukasimamisha gari. Na siku ulipompakia ndama mgonjwa mapajani pangu, akaniharibia suruali ya Jumapili, ukasema sasa nimebatizwa Kimaasai.

Halafu injini ikaanza kunywa oili. Uliilisha kila asubuhi kabla ndama hawajanyonya. Baridi ikija ulilifunika gari kwa ngozi. Ukauza mtamba kwa ajili ya gasketi, mwingine kwa klachi, na bado wengine wakafuata. Fundi akakwambia, "Mzee, hii injini imechoka." Nawe ukajibu, "Imechokea mikononi mwangu." Nilikuwa pale. Nilitazama viatu vyangu.

Lilipozima kabisa, likavutwa na punda hadi nyumbani, wanao wakasema, "Baba, chuma si chako. Rudi kwa ng'ombe." Hukushika usukani tena. Hata trekta yao hukukubali kuigusa. Na kila mgeni akiuliza habari za gari lile, unamwambia, "Nililipata likiwa changa, nikaliua kwa kutojua kufuga." Kwa mfugaji wa kwenu hilo si neno dogo. Nimelisikia mara nyingi nikiwa na kikombe cha chai yako mkononi, na kila mara nilimeza.

Nilikuogopa, Paker. Si hasira yako, kwa maana sijawahi kuiona. Niliogopa siku utakaponiita mwalimu tu, kama watu wengine. Sasa naona ni haki yako. Uamue utakavyoamua, sitanung'unika.

Ukurasa wenyewe umo ndani ya bahasha hii. Nasieku, waite kaka zako wakae, kisha usome tarakimu za fundi kwa sauti. Waambie gari lile lilikuwa limekwisha kuzeeka kabla baba yenu hajaligusa, na pedali zilimwambia hivyo. Mtu aliyesoma ndiye aliyemnyima ukweli. Mnyama aliyechoka vile angekufa mwaka wa kwanza kwa mtu mwingine yeyote. Kwa baba yenu aliishi miaka mitatu.

Ubaki salama, wewe na mifugo yako.

Ni mimi, uliyempa kondoo.