Usifagie, Mama

Moskva, 3 Februari 1970

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, nimefika salama, kwa hiyo fagia sasa, najua umeacha nyumba na vumbi kwa ajili yangu, kwa ule mwiko wenu kwamba ukifagia kabla msafiri hajafika, hatarudi tena. Jamu yako imeisha siku hiyohiyo. Rafiki zangu ni walafi!

Keshokutwa inaanza kesi ya Gleb, yule aliyekamatwa kwa kuchapa majina ya wafungwa wa kisiasa. Nitasimama nje ya mahakama na bango. Chini ya dirisha langu kuna gari, halizimi injini. Naogopa, Mama, lakini nikinyamaza sitaweza kujitazama.

Nimesema ufagie? Acha kwanza. Nihesabu bado niko safarini.

Mwanao,
Taisiya

Kargopol, 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, na usinibadilishie mazungumzo. Bango! Marehemu baba yako naye alikuwa na kichwa kigumu hivyohivyo. Kwa bahati nilikuwa bado sijafagia. Ufagio nimeuficha bandani.

Ulikwenda? Ulirudi? Barua hii anakuletea Nyura, mhudumu wa treni, maana za posta zinafika zimeshafunguliwa.

Mama yako

Kargopol, 18 Februari

Taisiya mwanangu,

Hujambo huko uliko? Nyura kanirudishia barua yangu. Anasema mlango wako umepigwa lakiri ya polisi.

Jana walikuja wawili wa usalama, wakapekua hadi gunia la viazi. Mkubwa wao mpole, kanywa chai, kasifu uyoga wangu. Kisha akaenda bandani, akarudi na ufagio.

"Tumekuchafulia, mama. Ngoja nikufagilie."

"Acha, baba. Mwanangu hajafika."

"Najua. Na mimi nimezaliwa hapahapa Kargopol."

Akafagia taratibu, kuanzia kitandani kwako hadi kizingitini, akamwaga taka kwenye theluji. 

Mama yako

Kargopol, 2 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia huko gerezani nilikotajiwa kwamba uko. Kifurushi changu walikirudisha bila neno. Barua hii naipitisha posta, wanaotaka kusoma wasome.

Siku ile walipoondoka nilitoka na beseni. Nikapiga magoti thelujini nikaokota vyote: vumbi, nywele zako, maganda ya alizeti uliyoyatema. Nimevirudisha ndani, nikavimwaga palepale. Klavdia jirani kaniuliza, "Siku hizi unafuga panya?" Acha acheke. Nyumba inatia aibu, mwanangu, na sitaigusa.

Njoo unigombeze.

Mama yako