Mtandio wa Mama

Nyakabiga, Mei 1999

Dada Saliha, malkia wa Kigoma,

Pokea salamu za fundi magari hodari kuliko wote Bujumbura, yaani mi. Hata risasi zikilia milimani, wateja wananitafuta. Shemeji je, bado anakoroma?

Mama anakusalimia. Ile mifupa inayomuuma, wote tulisema ni figo tu, si zimechoka toka zamani? Juzi Daktari Rénovat akamwomba atoe mtandio. Mama akagoma. Nikamwambia, "Mama, huyu hakuja kukuposa!" Akacheka, akautoa. Kumbe alikuwa anatuficha uvimbe mgumu shingoni.

Daktari anasema vitezi vya hapo huvimba kwa wagonjwa wengi wa figo, ndiyo maana kansa ya vitezi hivyo, iliyo adimu, hujificha humo. Lakini kalsiamu kwenye damu ya Mama imepanda mno, anashuku ni kansa hiyo. Hatakuwa na hakika mpaka waukate, waupime.

Mama anasema, "Apana, sikatwi mpaka Saliha aje."

Usije, dada, barabara ni mbaya. Mwandikie tu akubali. Mi ananiona mtoto, we anakuogopa. Andika kwa ukali, vile unaniandikiaga mi.

Mdogo wako mtanashati,
Khaled