Nyuzi Hamsini na Tano

Jumatano, 6 Agosti
Mzunguko wa sita tena. Kila siku ni wa sita. Gari linakwenda vizuri, linafika kona ya kisima, nguvu inakatika nusu. Mdogo wangu Ntandu anakanyaga mpaka mwisho, linajivuta tu kama punda aliyegoma. Kipimo cha joto kinasoma nyuzi 55. Kontrola haibembelezwi. Joto likifika hapo inapunguza umeme ili betri zisiungue. Nimeipanga mwenyewe hivyo, siwezi kuilaumu.

Tulianza na 31. Zimeongezeka 24 kwa mizunguko sita. Nne kila mzunguko. Mbio ni mizunguko kumi. Hatutamaliza.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeenda Ikungi kwa mwenyekiti wa mbio, Mzee Mpondo. Nimemwamkia vizuri, ameitikia huku anaangalia simu. Sharti lake: gari la umeme limalize mizunguko yote kumi Jumamosi ya tarehe 16, bila kusukumwa, bila kutolewa. Lisipomaliza, magari ya umeme yanafutwa kwenye orodha moja kwa moja. Eti mwaka jana langu lilizima konani, likahatarisha wenzake.

Mwaka jana magari matatu ya petroli yalichemsha rejeta. Moja lilizima kona ileile. Hakuna aliyewekewa sharti.

Miaka miwili nimelijenga hili gari. Nilijifunza kusuka mota kwa kufumua mbovu za mashine za kusaga, hakuna aliyenishika mkono. Nikifutwa kwenye orodha ile, hapa Mkiwa nitabaki yule dada aliyeng'oa injini akaharibu gari zima.

Jumamosi, 9 Agosti
Kosa nimeliona. Ni langu. Boksi la betri nililiziba kwa mpira kila upande, kwa kuogopa vumbi. Upepo wa huku mwezi wa nane unaingiza vumbi hadi kwenye chumvi. Vumbi halikuingia kweli. Na joto halikutoka.

Betri 32 zimefungiwa kama kuku kwenye tenga lililofunikwa.

Nimekata matundu mbele, nikaweka kitambaa cha kuchujia vumbi. Feni mbili nyuma zinavuta hewa.

Jumatatu, 11 Agosti
Mizunguko kumi! Tumeanza na 31, tumemaliza na 53. Nyuzi 2.2 kila mzunguko. Ntandu amepiga honi uwanja mzima peke yake.

Mimi sijashangilia sana. Zimebaki nyuzi mbili tu. Kila kitu kinategemea kuanza na betri zilizopoa. Kwa hiyo: kuchaji Ijumaa, si Jumamosi. Gari lilale wazi. Asubuhi lipakiwe kwenye lori hadi Ikungi, lisiguse barabara. Nimewaambia wote nyumbani. Nimerudia.

Alhamisi, 14 Agosti
Mama hataki lori. "Gari la mwanangu libebwe kama ng'ombe wa mnadani? Watu watasema bovu." Nimemweleza habari ya joto. Amesema hata yeye ana joto na anatembea. Ntandu akacheka. Yeye ni dereva wa malori, mdogo wangu wa mwisho, ana miaka ishirini na sita na bado anachekeshwa na kila anachosema mama.

Nimesema lori. Basi.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika nikiwa nimekaa chini. Kalamu imetoboa karatasi kwa hasira, kwa hiyo mwandiko ni huu.

Nilitangulia Ikungi saa moja asubuhi kuandikisha gari. Saa nne nikasikia honi. Bodaboda kumi na moja mbele, vigelegele, akina mama kwenye pikapu, na gari langu katikati, linaendeshwa na Ntandu. Msafara kama wa bwana harusi. Kutoka Mkiwa! Na mbele, juu ya matundu yangu, mama amefunga kitenge kipya. Amekikaza kwa mafundo manne ili upepo usikipeperushe.

Nyuzi 49.

Sikuweza kumpigia mama kelele. Kitenge kile alikuwa amekiweka kwa ajili ya Pasaka.

Nilimwomba Mzee Mpondo anisogeze kwenye kundi la mwisho. Akawageukia wenzake: "Gari gani linaomba lipoe kabla halijakimbia?" Wakacheka, ombi likaishia hapo. Kijana mmoja akasema lichomekeni kwenye soketi ya ukutani.

Nikafungua boksi, feni zikavuma. Wakati wa kuanza, 46.

Nikapiga hesabu kwenye kiganja. Kwa nguvu zote tunafika mzunguko wa nne tu. Lakini ukipunguza umeme nusu, joto linapungua mara nne. Nusu nyuzi na kidogo kila mzunguko. Tungemaliza kwenye 52. Wa mwisho, lakini tungemaliza. Nikamshika Ntandu bega: kanyaga nusu, usishindane na mtu. Akasema, "Sawa dada." Tukakubaliana kila akipita anipigie kelele namba. Gari halina mngurumo, namsikia.

Wa kwanza, "Arobaini na sita!" Wa pili, 47. Wa tatu, 47. Nilianza kupumua.

Kisha watu wa kona ile lilikozima mwaka jana wakaanza: "Dada fundi, leta waya mrefu!" "Limeishiwa bando hilo!" Wa nne, 50. Nikajua amekanyaga. Wa tano, 53, na ananichekea dirishani, amepita magari mawili. Wa sita, 55, nguvu ikakatika.

Wa saba akasema 57. Nguvu imekatwa nusu, joto lilipaswa kutulia. Halikutulia. Maana yake iko betri moja inayojipika yenyewe. Wa nane, 61. Alipopita nikasikia harufu kali, tamu, kama rangi ya kucha.

Mizunguko miwili. Kilomita tatu na kitu. Labda lingefika. Nilikuwa nimeshika nafasi yangu yote mkononi na nilijua.

Nikaingia uwanjani na kitenge cha mama nikakipunga. Ntandu akakwepa kidogo, akataka kupita. Nikasimama katikati. Akasimama. Hakuacha usukani mpaka nilipomvuta shati. "Dada, mbili tu! Mbili tu zimebaki!" Mbele za watu. Analia kabisa.

Mzee Mpondo akaandika kwenye daftari lake bila kuuliza chochote.

Jumapili, 17 Agosti
Sijaenda kanisani. Ntandu hasemi na mimi. Mama amesema nimemwaibisha mtoto, kwamba hata mbuzi mgonjwa humalizia njia. Nimemjibu vibaya. Halafu nikakaa nyuma ya nyumba.

Nina hasira na wote. Nina hasira na mimi, kwa kutangulia Ikungi badala ya kubaki nikalilinda gari lile.

Labda lingefika.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimefungua boksi, limepoa. Betri namba 19 imevimba kama mkate. Plastiki ya namba 18 na 20 imeyeyuka, imegandana nayo. Ziko chini ya kiti cha dereva. Kati yake na kiti kuna bati la milimita moja, nalo limegeuka rangi ya samawati kwa joto.

Nimemwita Ntandu. Ameangalia muda mrefu. Ameweka kiganja juu ya lile bati, akakitoa haraka kana kwamba bado ni la moto. Kisha akaenda kumwita mama, akamwonyesha yeye.

Mama ameinama, akaligusa kwa ncha ya kidole.

Jumatano, 20 Agosti
Barua ya Mzee Mpondo imeletwa na bodaboda. Sijaifungua, najua kilichomo. Nimeiweka kabatini.

Nimepima zilizobaki. Ishirini na sita nzima, sita za kutupa.

Ntandu amekuja mchana na kuku. Mama amesonga ugali wa mtama. Upepo mkali, tumekula ndani. Ntandu amekula sahani mbili.