Farasi Aliyetoka Rangi

Mpendwa mume wangu,

Ugonile. Najua huwezi kuitikia, lakini sijazoea kuanza kusema nawe bila salamu na sitaanza leo. Wadachi wamekimbilia kaskazini, na Waingereza wamekaa bomani kama vile walizaliwa humo. Mvua za mwaka huu zimekwisha. Migomba ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka nimeitegemeza kwa miti, na mlaji ni mimi peke yangu. Nakuandikia kwa maandishi uliyonifundisha mwenyewe, ukinicheka kwamba herufi zangu zina matumbo kama vyungu.

Nataka tukumbuke sataranji, maana watu hapa Ikolo wanakulilia vizuri, lakini hakuna anayetaka kuitaja mbele yangu.

Siku moja ulirudi kutoka misheni umenuna. Mchwa walikuwa wameingia katika sanduku la Mchungaji na kula kete zote, wafalme, farasi na askari, pakabaki unga. Mchungaji ndiye aliyewafundisha mchezo huo ninyi walimu wake, na kila Pasaka mlishindana barazani kwake, kijiji kizima kikitazama bila kuelewa kitu na kushangilia hivyo hivyo. Ulikaa mlangoni kama mtu aliyefiwa. Nikakwambia, "Si umeoa Mkisi wewe? Sasa unanuna nini?"

Tukapanda mtumbwi kwenda kwa mama, ng'ambo ya ghuba, chini ya milima, ambako kila mwanamke anafinyanga. Ulikaa upande, umeinamisha uso kwa heshima ya mkwe, ukaanza kumweleza mama farasi yukoje.

"Ni ng'ombe?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Hana pembe."

"Basi ni punda."

"Mkubwa kuliko punda. Ana shingo hivi."

Ukasahau heshima yote. Ukapiga magoti, ukanyoosha shingo, ukaweka vidole viwili kichwani viwe masikio. Mama alicheka mpaka akajipaka udongo usoni akifuta machozi. Sisi sote watatu hatukuwahi kumwona farasi kwa macho, hata wewe uliyekuwa ukijifanya mjuzi.

Mama alifinyanga upande mmoja na mimi nikafinyanga wa pili. Ugomvi ulikuja kwenye rangi. Mchungaji alitaka nyeusi na nyeupe kama za kwao, na mama akakataa nyeusi katakata. Kwetu chungu chenye weusi ni chungu kilichoharibika motoni, na mfinyanzi anayejiheshimu hakipeleki sokoni. Weusi huletwa na jiko la mnunuzi, si na mkono wa mfinyanzi. "Nikimpa mzungu vitu vyeusi," alisema, "atasema mwanamke huyu hajui kuchoma." Basi zangu zikawa nyekundu, na za mama tukazipaka udongo mweupe baada ya kuzitoa motoni, kama tunavyopamba vyungu vyetu.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo wafinyanzi tu wangelifanya. Chungu hushikwa shingoni, kikapandishwa kichwani, kikatua. Hakuna mtu anayekipapasa tumbo kutwa nzima. Lakini kete hushikwa na vidole, tena vidole vyenye jasho, tena Kyela wakati wa masika. Hatukuwaza kwamba udongo usiopita motoni ungetoka, si mama wala mimi.

Mchungaji alizigeuza geuza mkononi. "Nyekundu?" akasema. "Nyeusi iko wapi?" Ukamjibu, "Bwana Mchungaji, kwetu nyekundu ndiyo nyeusi. Nyeupe ianze kama kawaida." Akacheka, akakubali. Ulivyonisimulia jioni hiyo ulikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Kisha vita vikaja, na wewe unakijua kilichofuata kuliko mimi.

Boma, wakati huo la Wadachi, lilimtaka Mchungaji atoe mwalimu mmoja anayejua kusoma na kuandika, akafuatane na wapagazi. Walimu mliobaki mlikuwa wawili, wewe na Ambokile. Mchungaji alishindwa kuchagua. Kila askari alipokuja, alimwambia bado anaomba. Nilikuwa namenya ndizi, Jumamosi kabla ya Pasaka ya mwaka jana, uliponiambia kwamba wewe na Ambokile mmechagua wenyewe. Atakayeshindwa kesho barazani ndiye atakayekwenda.

"Mchungaji anajua?" nikauliza.

"Hajui. Angetukataza."

"Na mimi je?"

"Wewe utanipikia Jumatatu," ukasema, "kwa sababu nitashinda."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Ulikuwa ukimshinda Ambokile karibu kila mara, naye alikuwa akikubali bila kinyongo. Sikulala vizuri, lakini nililala.

Siku ya Pasaka mlicheza tangu watu walipotoka ibada ya asubuhi, wewe na nyekundu zangu, Ambokile na nyeupe za mama. Baba yako alikuwa amepewa kiti barazani, karibu na Mchungaji, kwa hiyo mimi nilikaa nyuma ya jiko pamoja na Bupe, mke wa Ambokile. Mkwe na mkamwana hawaonani, na sikuwahi kumwona baba yako uso kwa uso tangu uliponileta nyumbani kwenu. Bupe alikuwa akichungulia na kunisimulia. "Shemeji ametabasamu," anasema. Baadaye, "Ambokile anakuna kichwa." Alikuwa anajua mapatano yenu kama nilivyojua mimi. Kila aliponipa habari njema yangu, ilikuwa habari mbaya yake, na alinipa hivyo hivyo.

Kengele ya ibada ya pili ikalia mchezo ukiwa pabaya. Mkaacha kete zilivyo, mkaingia kanisani. Ndipo mvua ikaja na upepo wa ziwani, ule unaolaza migomba, ukapiga baraza lote. Mlipotoka, kete nyingine zimeanguka, na udongo mweupe wa mama umetiririka juu ya ubao kama uji. Zote zilikuwa za rangi moja, rangi ya chungu.

Nyingi mlizipanga upya kwa kukumbuka, bila kugombana. Mkabaki na farasi mmoja. Kwamba alikuwa amesimama katikati, mlikubaliana. Akiwa wako, mfalme wa Ambokile hana pa kukimbilia. Akiwa wa Ambokile, wewe ndiye uliyekwisha. Ulisema ni wako. Ambokile akasema ni wake. Nawajua ninyi wawili. Hakuna aliyekuwa akidanganya.

Mchungaji akasema, "Aitwe aliyezifinyanga."

Nilisikia nikiitwa na sikuinuka. Ningepitaje mbele ya baba yako? Mchungaji akapaza sauti, "Wewe mama ni Mkristo, achana na mambo ya kale!" Nawe ukamjibu kwa sauti ambayo sijawahi kukusikia ukimjibu nayo: "Mwache, Bwana Mchungaji. Huyo ni mkwe wa mtu." Nilikupenda siku zote, lakini kwa neno hilo nilikupenda mpaka nikaumwa.

Basi baba yako, mzee asiyebatizwa, aliyekuwa amepewa kiti cha heshima kwa mara ya kwanza katika baraza la mzungu, akainuka. Bupe ndiye aliyenisimulia. Alichukua fimbo yake, akashuka mvuani, akaenda kusimama katikati ya migomba akiwapa kisogo. Akaita kutoka huko: "Mwanangu, mwambie mwenzio apite! Mimi sipo!"

Nikajifunika kanga kichwani, nikapita.

Nilimchukua yule farasi. Hakukuwa na haja hata ya kumtazama. Mama ana kidole gumba kipana, na anapomaliza shingo ya kitu chochote huikandamiza kidogo upande, akaacha kibonde. Mimi huvuta juu kwa kidole cha shahada. Alinigombeza kwa hilo tangu nikiwa msichana, nami sikuacha. Gumba langu likaingia katika kibonde kile, na nikajua mara moja ni mkono wa nani.

Nikakutazama. Nilidhani utanisihi kwa macho, na nakwambia kweli, ungenisihi sijui ningefanya nini. Hukunisihi. Ulisema polepole, "Sema ulichokishika."

Nikasema, "Ni wa mama."

Watu hawakuelewa. Wewe ulielewa kabla sijafunga mdomo. Ulimlaza mfalme wako, ukampa Ambokile mkono, naye akachelewa kuupokea kwa sababu alikuwa analia. Mchungaji alicheka akisema walimu wake wanauchukulia mchezo kwa uzito mno.

Tukarudi nyumbani katika matope. Nikakuuliza kama ulitaka niseme vingine. Tukafika kwenye daraja la mianzi. Ukasema, "Ningejua mimi. Na wewe ungejua kwamba najua. Tungekaaje?" Kisha ukanishika mkono ili nisiteleze. Jumatatu nilikupikia samaki mbasa na ndizi, kama ulivyotaka, na hukula ukamaliza.

Uliondoka na wapagazi wa kijiji cha Ngana, umebeba kalamu sikioni. Ulipogeuka kuniangalia kwenye kona ulipunga mkono vizuri tu, kama mtu anayekwenda sokoni. Mpagazi mmoja alirudi wakati wa baridi, amebaki mifupa. Alisema homa ilikukamata mbele ya milima ya Ukinga, na walikuzika kando ya njia. Nilimwomba anieleze mahali. Akasema njia ile ni ndefu na walizika wengi.

Tulilia bila mwili. Wanawake walilala kwenye majani ya migomba pamoja nami, wanaume walikaa upande wao. Baba yako alikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi. Nilisikia kilio chake, na yeye bila shaka alisikia changu. Sisi wawili tuliokupenda kuliko wote hatukuweza kuonana usoni hata siku hiyo. Wakati fulani alisema kupitia ukuta, "Ndaga, mwanangu." Sijui alinishukuru kwa nini. Nilitaka kumuuliza, na hairuhusiwi.

Mume wangu, nimejaribu kujuta nikashindwa. Ningekuwa nimekosa, ningetubu, nikalia, nikasamehewa, nikalala. Lakini nilisema kweli, na wewe ndiye uliyeniambia niiseme. Siwezi kukukasirikia kwa hilo. Siwezi kujikasirikia. Nimebaki na hasira isiyo na mwenyewe, nazunguka nayo shambani na ziwani, na udongo ninaoukanda unaikuta mikononi mwangu. Vyungu vyangu vinapasuka motoni siku hizi. Mama anasema nakanda vibaya.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie.

Waingereza nao wanataka wapagazi, nao wanataka mtu wa kuandika majina. Mchungaji wamemchukua, shule imefungwa. Mwezi uliopita walikuja wakamchukua Ambokile. Hawakumuuliza mtu, hawakucheza mchezo na mtu. Alipita hapa na askari wawili, akasimama uani. "Dada," akasema, "ninakwenda zamu yangu." Nikampa ndizi za kuchoma.

Juzi Bupe alikuja na mtoto mgongoni. Alizaliwa baada ya Krismasi, wa kiume, mnene, ana meno mawili. Nilikuwa nikimwona kanisani kwa mbali na kujifanya nina kazi. Wewe na mimi hatukubahatika, na nilikuwa nikijiambia bado kuna wakati. Bupe alimfungua, akamweka mapajani mwangu kabla sijakataa. Akasema, "Huyu ni wa mwaka ule Ambokile aliobaki nyumbani. Kama ungesema vingine, asingekuwapo. Nilitaka nije nikwambie kabla baba yake hajarudi, kwa sababu huenda asirudi."

Nilimpakata. Alikuwa mzito. Alinishika kidole hiki cha shahada akakitia kinywani, akang'ata. Bupe alikuwa analia, nami nikamfariji, nikamwambia Ambokile ni mtu mwenye nguvu, atarudi. Nilisema vizuri, ungenisifu. Kisha mtoto akamtaka mama yake, nikamrudisha, Bupe akamfunga mgongoni wakaenda zao, nami nikabaki nimekaa mikono imefunguka vile vile.

Mwaka ule ulikuwa wetu, mume wangu. Mimi ndiye niliyewapa, kwa kinywa changu. Ni mtoto mzuri, na nilitaka awe wako.

Lala, popote walipokulaza.

Mimi mkeo.